UGEZI WA VIPIMO VYA RADA: MAMBO YAMPASAYO KATIBU KUYAJUA

Hakuna katibu wa chama cha msingi asiyejua maana ya mhuri wa mkaguzi juu ya mizani. Mizani isiyolinganishwa na mawe yenye uzito uliothibitishwa haiaminiki, hata ikiwa mpya. Kanuni hiyo hiyo yahusu kipimo cha rada ya mawimbi ya milimita, ambacho siku hizi hutumika katika maghala ya nafaka, matangi na magari. Kazi ya kukilinganisha na kipimo kilichothibitishwa, na kusahihisha tofauti inayoonekana, huitwa ugezi.

Jinsi kifaa kifanyavyo kazi

Ndani ya kifaa mna chipu ndogo itoayo mawimbi ya redio. Katika masafa ya gigahezi 77, urefu wa wimbi moja ni karibu milimita 4. Mawimbi hushuka hadi juu ya nafaka, hugonga, kisha hurudi kama mwangwi. Kwa kuwa husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi kwa kina cha mita 10 huchukua sehemu 67 tu za bilioni za sekunde. Muda huo ni mfupi mno kuhesabiwa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo chipu huyapandisha masafa yake kwa kasi maalumu, halafu hulinganisha wimbi linalorudi na lile linalotoka wakati huo huo. Tofauti ya masafa hayo mawili ndiyo inayoonyesha umbali.

Makosa hutoka wapi

Kwanza, mawimbi huchelewa kidogo ndani ya kifaa na katika kifuniko chake, na ucheleweshaji huo huhesabiwa kama umbali. Kosa laweza pia kutokea ikiwa kimo cha ghala kiliandikwa vibaya wakati wa kufunga kifaa. Katika ghala la duara lenye kipenyo cha mita 6, kosa la sentimita 5 ni sawa na karibu tani moja ya mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100. Hiyo ni mali ya wanachama, na mtunza ghala aweza kutuhumiwa wizi ambao haukutendeka.

Pili ni joto. Chipu ikipata joto, nguvu ya kutoa mawimbi na uwezo wa kuyapokea hubadilika. Kwa sababu hiyo chipu nyingi zina kipimajoto ndani yake, nazo hujirekebisha ziwashwapo na joto libadilikapo.

Tatu ni tofauti baina ya vipokezi. Rada ya gari hutambua upande kilipo kitu kwa kulinganisha mwangwi unaofika katika vipokezi vilivyo karibu karibu. Vipokezi viwili vikiachana kwa nusu ya wimbi, na njia ya kimoja ikizidi ya mwenziwe kwa nusu milimita, kosa la mwelekeo hufikia karibu digrii 15. Gari lililo mita 50 mbele litaonekana liko zaidi ya mita 12 pembeni, na breki za kujiendesha hazitafungwa panapostahili.

Namna ya kufanya ugezi

Kiwandani, kiakisi cha bati tatu zilizoungana kama kona ya ndani ya sanduku huwekwa mbele ya rada, mahali palipopimwa. Kiakisi hicho huyarudisha mawimbi yalikotoka. Tofauti zinazoonekana katika umbali na baina ya vipokezi huandikwa katika kumbukumbu ya kifaa, ili ziondolewe katika kila kipimo kitakachofuata.

Lakini ugezi wa kiwandani hautoshi. Ghalani, kina kipimwe kwa utepe uliothibitishwa: ghala likiwa tupu, likiwa nusu na likiwa limejaa. Uso wa nafaka ulio kama kilima usawazishwe kwanza, kwa maana rada hupima sehemu ile tu inayoelekea. Ngazi na vyuma vya ndani navyo vina mwangwi wao. Katika gari, bampa iliyobadilishwa, kuzibwa kwa ugaga mnene au kupakwa rangi yenye chembe za chuma yaweza kuharibu usomaji. Fundi hana budi kuielekeza rada upya.

Wajibu wa chama

Katibu aweke daftari la tarehe, kina cha utepe, usomaji wa rada na tofauti yake. Kila kifaa kinapofunguliwa au kuhamishwa, ugezi urudiwe. Chama kinaponunua kifaa, kidai cheti cha ugezi, tena kichague kifaa kitoacho onyo kinapogundua hitilafu, kwa kuwa kipimo kinachonyamaza ni salama kuliko kinachodanganya.

Hatimaye, ieleweke kuwa rada hukadiria akiba iliyomo ghalani. Malipo ya mkulima yaendelee kufuata mizani iliyokaguliwa na kupigwa mhuri.