Usafi wa Kinywa Huwakinga Wagonjwa wa Kusahau Dhidi ya Homa ya Mapafu

Familia nyingi zinazomtunza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau humlisha, humwogesha na kumbadilisha nguo kila siku. Mswaki ndio husahaulika, hasa mgonjwa anapoanza kukataa kufungua mdomo.

Hatari haiishii kwenye meno. Maradhi yanayoharibu ubongo polepole, kama vile Alzaima na Parkinson, huvuruga pia kumeza. Mate, chai au uji hupotea njia na kuingia mapafuni, wakati mwingine bila mgonjwa hata kukohoa. Kinywa kikiwa kichafu, bakteria huenda pamoja navyo, na homa ya mapafu ikaanza. Homa hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa.

Nchini Japani, wazee katika makao 11 walifuatiliwa kwa miaka miwili na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kati ya waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo, asilimia 11 waliugua homa ya mapafu. Kati ya wasiopata huduma hiyo, asilimia 19. Hata wasio na meno walifaidika, kwa sababu bakteria hukaa pia kwenye ulimi na ufizi. Anayelishwa kwa mpira naye asafishwe.

Mkalishe mgonjwa wima, kidevu kikiinama kidogo. Tumia mswaki laini na dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, kisha pangusa povu kwa kitambaa safi badala ya kumpa maji mengi ya kusukutua. Usiingize kidole katikati ya meno. Anaweza kuuma bila kukusudia. Akikataa, mwache atulie ujaribu tena baadaye. Meno ya bandia yatolewe usiku na kusafishwa. Baada ya kula, asilale kwa nusu saa hivi.

Asiyeweza kusema jino linamuuma hukataa chakula, hushika shavu au huwa mkali ghafla, na nyumbani hudhaniwa ni ugonjwa wa ubongo umezidi. Mpeleke kwa daktari wa meno. Jijini Eldoret, huduma hiyo inapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Sauti yenye majimaji baada ya kunywa, kupaliwa kila mara, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa kuliko kawaida ni dalili za kumfikisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mwili hauna joto. Akitatizika kupumua, apelekwe hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku.