BARIDI YABISI YA MIGUU: KWA NINI MWENZETU HUYUMBA KAZINI



Mara kwa mara wajumbe wetu huletewa shauri la namna hii: mchuma chai ameanguka mteremkoni na kikapu chake, au mama wa kiwandani ameyumba mbele ya mashine akashika ukuta. Msimamizi huandika kwamba ni mlevi au mvivu, na barua ya onyo hufuata. Hakuna aliyemwomba avue viatu ili miguu yake itazamwe. Ni miguu hiyo tunayotaka kuieleza katika toleo hili.

UGONJWA WENYEWE

Jina la baridi yabisi limewapotosha wengi, wakadhani kwamba ugonjwa huu huletwa na umande au maji ya baridi. Sivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya maungio. Utando huo huvimba, na usipotibiwa huharibu mifupa. Ugonjwa hauambukizi. Wanawake huupata mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya kuupata, na vumbi la mawe yanayochongwa au kusagwa vilevile.

Dalili zake ni hizi: maungio madogo ya mikono na miguu huvimba na kuuma, mara nyingi pande zote mbili, na mgonjwa akiamka asubuhi viungo huwa vigumu kwa zaidi ya nusu saa.

KWA NINI MTU HUYUMBA

Ili mtu asimame imara, ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na miguu pamoja na maungio yake. Baridi yabisi huiharibu sehemu hii ya tatu. Maungio yaliyo nyuma ya vidole huvimba, vidole hujikunja kama makucha, na nyama laini inayokinga mifupa chini ya wayo husogea mbele. Hapo mtu hukanyaga kama juu ya changarawe. Sugu huota, na mara nyingine wayo hulala bapa. Kwa kuogopa maumivu, mgonjwa hukanyaga kwa ukingo wa mguu na kupiga hatua fupi. Misuli isiyotumika hudhoofika. Basi akikutana na sakafu yenye maji au tuta la shamba, huanguka.

TIBA YA MIGUU

Kwanza kabisa ni dawa za hospitali, kwa kuwa hizo ndizo zinazozuia ugonjwa usiendelee kula viungo. Inayotumika sana ni methotrekseti. Yafaa ieleweke kwamba kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa juma. Kuimeza kila siku ni hatari kwa maisha, na mwenye mimba haruhusiwi kuitumia. Pamoja na dawa, miguu ihudumiwe hivi:

1. Viatu. Viwe vipana na virefu kwenda juu sehemu ya vidole, soli isiyoteleza, kisigino kifupi, na kamba au mkanda wa kukaza. Kandambili hazifai.

2. Soli ya ndani. Soli laini yenye kutegemeza wayo hugawanya uzito na kupunguza maumivu. Lakini soli peke yake haitoshi kumzuia mtu asianguke.

3. Sugu. Mhudumu wa afya azipunguze. Usijikate kwa wembe, kwani kidonda cha mgonjwa huyu huweza kuoza upesi.

4. Mazoezi. Shika meza, inua visigino polepole, kisha shusha, mara kumi. Halafu simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi, mkono ukiwa karibu na meza. Fanya kila siku, ila kiungo kikiwa kimevimba na kuwaka moto, kipumzishe kwanza. Mazoezi ndiyo yanayorudisha nguvu ya misuli inayomshikilia mtu asiyumbe.

5. Ukaguzi. Kila jioni osha miguu, ikaushe, na utazame kama kuna lengelenge au jeraha.

KAZI YA CHAMA

Mgonjwa hawezi kuyatimiza haya yote peke yake. Mahali pengi buti za mpira hugawiwa bila kupima mguu wa mtu. Mwenye mguu uliovimba hulazimika kuzivaa zikimbana, au kuchukua kubwa mno zinazomtelezesha. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo kila tawi liandike vipimo vya miguu ya wanachama wake kabla buti hazijaagizwa. Tudai pia vishikio kwenye ngazi, sakafu kavu, na kazi ya kukaa kwa mwenzetu wakati ugonjwa umempanda.

Na barua ya onyo ikija kwa sababu mtu ameanguka, mjumbe asiijibu kabla mwenzetu hajapelekwa zahanati akapimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgonjwa anayewahi kutibiwa aweza kuendelea na kazi yake miaka mingi, lakini anayefukuzwa kwa jina la ulevi hupoteza mguu na mshahara pamoja.