Kilima cha Bunkeya: "Muji iko wapi?"

Muulize mtoto wa Makomeno ao wa Katuba akuonyeshe mlima. Atakunyooshea kidole terili. Kuko mlima gani mwingine mjini Lubumbashi? Ule mweusi, kando ya shemine kubwa, njo mlima wetu. Na si Mungu aliyeuweka pale: ni baba zetu, vagoni kwa vagoni, tangu tanuru ya kwanza ilipotoa shaba mwaka 1911.

Siku zilizopita kurasa za Kifaransa zilitoa picha za vijiji vya Italia vilivyojengwa juu ya vilima: nyumba za mawe zimebanana kama punje za mahindi, kanisa katikati, ukuta kuzunguka. Watu wanatoka mbali kuvitembelea. Kimoja, Civita di Bagnoregio, kimebaki na wakaaji wachache sana, na tangu 2013 mgeni analipa tikiti kama vile anaingia stade. Msomaji mmoja wa Ruashi akatuuliza: "Na siye? Bankambo betu habakukuwa na vilima?"

Walikuwa navyo. Lakini kabla ya kuacha Italia, kuko neno ambalo zile picha hazisemi. Wengi walioondoka katika vijiji vile walienda kuwa wachimbaji. Mwaka 1946 Italia na Ubelgiji walipatana: huyu atoe watu, yule atoe makaa ya mawe. Vijana wakashuka toka vilimani wakaenda kuingia chini ya udongo. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ukawaka ndani ya mgodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle. Watu 262 walikufa, 136 kati yao Waitalia. Kijiji kimoja cha juu, Manoppello, kilipoteza wanaume zaidi ya 20 kwa siku moja. Miaka ileile baba zetu walikuwa wanalala mu kambi za Union Minière, kampani ya Wabelgiji haohao. Kilima kinabaki na wazee, mgodi unachukua vijana: hiyo hatuna lazima ya kufundishwa.

Basi tuliondoka kwenda Bunkeya. Tulikuwa na mzee mmoja Muyeke, mwenye pensioni, miaka 31 ya kazi ya kampani, aliyezaliwa kule na hakurudi tangu mazishi ya dada yake. Alimbeba mjukuu wake wa miaka 14. Bibi yake alitusindikiza mpaka mlangoni akicheka: "Mutaenda kuona nini? Majani?"

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, lami. Nyuma ya Likasi unaacha lami, na vumbi inakuingia mpaka katikati ya meno. Ukifika, usikimbilie kilima. Kwanza unasalimia ku lupango ya mwami, unasema umetoka wapi, unatafuta nini. Mzee alipiga magoti kama kijana. Kisha tukapanda polepole, kwa sababu kifua cha mchimbaji wa zamani hakipandi mbio.

Juu, upepo. Chini, bonde pana, mashamba, moshi wa jikoni hapa na pale. Kijana akatazama upande huu na upande ule, akauliza: "Nkambo, muji iko wapi?"

Swali zuri. Kijana alikuwa anatafuta mawe kama ya picha. Hapa walijenga kwa miti, udongo na majani, na vitu vile vinarudi kwa mvua. Lakini mu ile bonde kulikuwa muji mkubwa kupita yote ya inchi hii: si kijiji kimoja, ni vijiji vingi vimetawanyika, kila kimoja na mkubwa wake, na Msiri juu ya wote. Jina lake la kweli lilikuwa Mwenda Ngelengwa. Watu wake walitoka mashariki, inchi ya Basumbwa, kule Tanzania ya leo, na kilichowavuta ni kilekile kilichotuvuta sisi: shaba. Njia zote zilipita kwake, za Angola na za pwani ya mashariki. Shaba, chumvi, pembe za tembo. Na watumwa pia. Tuseme bila kuficha. Mmisionari Arnot alipofika mwaka 1886 alikuta mfalme anayeogopwa mpaka mbali sana.

Na wachimbaji walikuwako tayari, miaka mingi mbele ya Msiri. Kiangazi, mavuno yakiisha, watu walihamia karibu na malakite, wanaume wakichimba, wanawake na watoto wakiokota mawe ya kijani, mpaka mvua ya kwanza iwafukuze. Tanuru ilikuwa ya udongo wa kichuguu, moto wa makala, mivuto ya ngozi. Hata Kalukuluku, pale Ruashi, Wazungu walikuta mashimo ya bankambo, wakaita mahali pale Étoile. Miaka ya 1920 Monsinyori de Hemptinne alitazama wazee wakiyeyusha shaba kwa namna ile ya zamani, akaandika habari yao mwaka 1926 chini ya jina walilopewa: walaji wa shaba. Jina lile linatufaa mpaka leo, mwisho wa mwezi.

Mzee alikaa juu ya jiwe, akanyoosha fimbo. "Bendera balisimamisha ku kilima. Bila ruhusa." Ilikuwa Desemba 1891. Kapiteni Stairs alikuja na mamia ya watu waliotoka Zanzibar, kwa hiyo Kiswahili kilisikilika hapa mbele ya Elisabethville kuzaliwa. Msiri alikataa bendera ya Leopold, akaondoka usiku kwenda Munema, kijiji cha pembeni. Tarehe 20 Desemba, Kapiteni Bodson akamfuata, akampiga risasi. Bodson naye alipigwa palepale, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Kilienda wapi? Kila mzee ana habari yake, na wa kwetu alikuwa na mbili. Kila 20 Desemba Bayeke wanakutana Bunkeya kwa ajili ya siku ile.

Lakini ukimuuliza Musanga, atakuambia habari kwa upande mwingine. Basanga walikuwa wamechoka na kodi na vita ya Msiri, na walikuwa wamekwisha kusimama juu yake wakati Stairs alipofika. Kisha wao wenyewe wakaona serikali mpya ilivyo. Mkubwa wao Mulowanyama aliingia na watu wake mu mapango ya Kyamakela. Askari wakazunguka, wakazuia milango, na mwaka 1899 watu wengi walikufa mle ndani. Kwa hiyo, mkipanda vilima hivi na watoto, muwaambie habari zote mbili. Kazini Muyeke na Musanga wanashika mashine moja.

Bunkeya ilivunjika kwa njaa na hofu. Sehemu ya watu wake walimfuata Dan Crawford, mmisionari waliyemwita Konga Vantu, mkusanya watu, mpaka ziwa Moero. Kule walijenga Luanza, juu kabisa ya ukingo wa ziwa. Tulifika Luanza mwaka mwingine, kwa njia ya Kilwa, katikati ya vikapu vya samaki. Kama unatafuta kijiji cha juu cha kweli, njo kile: ziwa lote liko chini ya miguu yako. Crawford alifia pale mwaka 1926. Mwenye familia kubwa na feza kidogo aanze na Bunkeya. Luanza inaomba siku nyingi na mgongo mzima.

Kuko jambo linalotusumbua. Kilima cha Italia kinalindwa sababu kina mawe juu yake. Kilima cha kwetu kinaliwa sababu kina mawe ndani yake. Tumesikia wachimbaji wakisimulia: wanapopanua shimo wanakutana na vipande vya tanuru, mirija ya udongo iliyoungua, mara moja moja msalaba wa shaba kama ile mitatu ya bendera ya Katanga. Mwingine anatupa, mwingine anauzisha bei ya mufuko wa unga. Hatumhukumu mwenye njaa. Lakini kuko muze hapa Lubumbashi wenye watu wanaojua kusoma vitu hivi, na kwenda kuwaonyesha si kazi kubwa.

Tulipokuwa tunashuka, kijana akajikwaa. Akaokota kitu: jiwe jeusi, zito, lenye matundu kama mkate. Akalipindua, akacheka. "Nkambo, ona! Terili kadogo!"

Mzee alilishika muda mrefu, akalipima mkononi. Ya shaba ao ya chuma, hakusema. "Ni uchafu ya mutanuru," akasema. "Ya bale ba zamani. Rudisha pale."

Kijana akarudi nyuma hatua tatu, akainama. Likasi tuliteremuka kununua mkate, na tukaona mfuko wa kaputula yake umetuna upande mmoja. Mzee naye aliuona. Akalipa mkate, akapanda motokari.