Friji ya Garini na Jua la Kaskazi

Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchota joto lililo ndani ya sanduku na kulimwaga nje. Sayansi imelijua hili kwa karibu miaka mia mbili, lakini kwa dereva anayetoka Kilwa Masoko mwezi wa Januari akiwa na friji ndogo ya kubebeka kwenye buti, lina uzito wa pekee: joto linalomwagwa lazima lipate pa kwenda. Buti likifungwa, likajaa mizigo na kuchomwa na jua, joto linabaki palepale na kuirudia friji iliyolitoa.

Friji za garini zina asili mbili, na zote ni za mwaka 1834. Mwaka huo, jijini London, ilipewa hataza mashine iliyogandamiza mvuke wa etha hadi ukawa kimiminika, kisha ikauachia uchemke upya huku ukinyonya joto. Friji zenye kompresa bado zinafuata njia hiyohiyo, ila gesi imebadilika. Mwaka huohuo Mfaransa mmoja alionyesha kwamba umeme ukipita pale metali mbili tofauti zinapoungana, mahali hapo hupoa au kupata joto kufuatana na mwelekeo wa umeme. Kutokana na hilo tumepata yale masanduku mepesi, ya bei nafuu, yasiyo na kompresa, yanayochomekwa pale tunapochajia simu garini.

Mnunuzi anapaswa kujua tofauti ya aina hizo mbili kabla hajatoa pesa. Sanduku lisilo na kompresa kwa kawaida hushusha joto nyuzi 20 hivi chini ya joto linalolizunguka. Kivulini, penye nyuzi 32, litakupa 12: maji ya kunywa yatakuwa mazuri, samaki hatakuwa salama. Na ndani ya gari lililoegeshwa juani je? Vipimo vilivyorudiwa katika nchi mbalimbali vimeonyesha kwamba joto la gari lililofungwa hupanda nyuzi 20 au zaidi ndani ya saa moja, sehemu kubwa katika nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Basi 32 inakuwa 52, na sanduku lako linabaki kwenye 32. (Mzazi, mtoto asiachwe humo hata kwa dakika chache. Mwili wake hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.)

Friji yenye kompresa inastahimili zaidi, lakini nayo hulipia. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata hesabu yake. Ukitaka nyuzi 4 ndani wakati nje ni 32, pengo ni 28. Nje ikiwa 52, pengo ni 48. Joto linalopenya kuta huongezeka kwa kadiri ya pengo, yaani mara 1.7 hivi, na kazi ya kukitoa kila kiasi cha joto hilo nayo huongezeka karibu hivyohivyo. Zidisha: hata mashine isiyo na dosari ingehitaji umeme karibu mara tatu. Kompresa ya wati 50 ikinguruma bila kupumzika kwa saa 12 itakula ampea-saa 50 hivi, kiasi kinachotosha kuimaliza betri ya gari dogo. Asubuhi gari haliwaki, na betri ya kuwashia ikishushwa hivyo mara kwa mara hufa mapema.

Kwa hiyo kivuli cha mwembe na nafasi mbele ya feni ya friji yako vina thamani kuliko friji kubwa zaidi. Ondoa mkeka na viroba vilivyoziba matundu yake. Poza vitu nyumbani kabla ya safari.

Tufike sasa bara, Nyangamara, ambako samaki wa baharini lazima asafirishwe kutoka pwani. Kwa mchuuzi wa huko sishauri friji ya garini. Namshauri deli zuri na barafu ya kutosha. Kuyeyusha kilo moja ya barafu humeza joto sawa na la kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, na kazi hiyo haihitaji betri. Samaki kilo 20 wenye nyuzi 30 wanahitaji barafu kilo 6 au 7 ili wapoe hadi karibu na sifuri, kabla hujahesabu joto linaloingia njiani. Friji ya wati 50 ingehangaika saa nyingi na mzigo huo. Kwa jodari na vibua kuchelewa ni hatari zaidi. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yao, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuwekwa tena kwenye barafu.

Chanjo ni suala jingine. Nyingi zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, na baadhi, kama ya pepopunda, huharibika zikiganda. Friji ya kupigia kambi haifai kwa kazi hiyo. Waachiwe wahudumu wa afya na vibebeo vyao maalumu.

Kuhusu insulini kuna habari njema iliyotoka hapa Afrika Mashariki. Watafiti walipima joto ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, wakaliiga kwenye maabara: kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba aina za insulini walizozijaribu zilibaki na nguvu yake. Kwa mama asiye na friji, mwenye mtoto anayechomwa sindano kila siku, huo ni unafuu mkubwa, ingawa muda wa kuitunza hivyo aukubali kwanza mhudumu wake wa kliniki. Nyuzi 52 za gari lililofungwa ziko mbali na zile zilizopimwa, kwa hiyo akishuka kwenye gari ashuke na dawa yake. Na kichupa kilichoganda kwenye friji kisitumike tena, hata kama dawa inaonekana safi.