Ile Haikuwa Sherehe

Shemeji yetu hapa Moore, Oklahoma, ameletewa barua na chama cha wenye nyumba cha mtaa wao. Kuna jirani amelalamika kwamba siku ya tahadhari ya kimbunga magari yalibana barabara, watoto walikuwa wanakimbizana uani, moshi wa nyama umetanda, na wenyeji "wanafanya sherehe" wakati wenzao wanajiandaa na hatari. Gari moja kati ya hayo ni langu, na nyama nilileta mimi. Basi nijieleze.

Mimi ni mtu wa Kahama. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo vilikipiga kijiji cha Mwakata, huko kwetu. Nyumba nyingi za pale zilikuwa za udongo. Kuta zililowa, paa zikaezuliwa, watu wakaangukiwa wakiwa usingizini. Walikufa zaidi ya 40. Rais Kikwete alifika siku chache baadaye kutoa pole, na misaada ikaja, lakini katika giza la usiku ule mtu alikuwa na jirani yake tu, naye jirani hana paa. Mwano, ule ukelele wa kuitana kwenye hatari, mnaujua, kuzikana mnakujua, sirefushi.

Kinachohitaji maelezo ni huku. Kila Jumamosi saa sita kamili mchana, Oklahoma City na miji ya jirani hupiga ving'ora kuvijaribu. Mara ya kwanza niliposikia nilijilaza chini jikoni. Mwenye nyumba aliendelea kukata majani. Wingu likiwa la kweli, televisheni huacha vipindi vyote. Helikopta inarushwa, na mtangazaji wa hali ya hewa, ambaye huku ni maarufu kuliko gavana, anataja makutano ya barabara na dakika kimbunga kitakapopita hapo. Kituo cha taifa cha utabiri wa dhoruba kiko Norman, pua na mdomo na kwetu, na kinaonya siku kadhaa kabla. Halafu, pamoja na maarifa yote hayo, watu wanatoka barazani kulitazama wingu! Wengine wanabeba viti.

Maonyo yao sina neno nayo. Tatizo ni kwamba yanakufikisha mlangoni yanakuacha hapo. Mji huu wa Moore ulipigwa mwaka 1999, ukapigwa tena tarehe 20 Mei 2013. Siku hiyo ya 2013 walikufa watu 24, saba wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi Plaza Towers. Pamoja na hayo, mji hauna hata handaki moja la umma. Kila mwenye nyumba ajichimbie lake. Udongo mwekundu wa huku hufanya vyumba vya chini kuwa vichache, kwa hiyo wenye uwezo hufukia sanduku la chuma kwenye sakafu ya gereji, gari linaegeshwa juu yake, na mtu anateleza humo kwa mlango mdogo wa kusukuma. Ni maelfu ya dola. Sisi tumepanga, na mwenye nyumba wetu kazi yake ni kupokea kodi. Shemeji analo. Sasa mlitaka twende wapi?

Na tunakwenda mapema, tangu mchana, utabiri ukiwa mbaya. Tarehe 31 Mei 2013 watu walisubiri hadi kimbunga cha El Reno, chenye upana wa zaidi ya kilomita nne, kilipokuwa kinakuja, ndipo wakakimbilia barabara kuu. Magari yakasimama. Waliokufa na kile kimbunga wengi walikuwa ndani ya magari. Ukifika saa saba na kimbunga kinatazamiwa jioni, watoto watakula nini, utabiri? Ndiyo hiyo nyama.

Sisemi kwetu ni peponi. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa sekondari ya Businda, Bukombe, mkoani Geita. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, maana hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda na kujenga mawingu makubwa. Lakini bado radi ikipiga boma, kuna watakaouliza imetumwa na nani, na macho yakaelekea kwa bibi mmoja mnyonge. Kwa hilo ningependa wamchukue mtangazaji wetu wa huku, na helikopta yake, aende akawaeleze.

Watoto wangu radi hawaiulizi imetoka kwa nani. Shuleni wanafundishwa kuinama ukutani, mikono kisogoni, na wa kiume anajua majina ya kaunti zote ambazo wingu litapita kabla halijatufikia. Dada yake anasubiri msimu wa vimbunga kama Krismasi, kwa sababu kwa shemeji wanalala kitanda kimoja na binamu zake hadi saa sita usiku. Mwaka huu shule imewaambia wavae kofia za baiskeli wanapojificha, maana vitu vinavyorushwa ndivyo vinavyoumiza kichwa. Mwanangu akampigia bibi yake Kahama kumuuliza kofia yake iko wapi. Bibi akasema hana. Ukawa mjadala mrefu, simu ni yangu na salio ni langu. Mwishoni bibi akakubali, kwa sharti ziwe mbili, kwa kuwa hawezi kuvaa peke yake na mama wa nyumba ya pili yupo. Mwanangu sasa anataka nitume tatu: yule mama wa nyumba ya pili ana mjukuu.