Kirai Kilichoongezwa Usiku: Lugha na Utawala katika Shamba la Wanyama

Riwaya ya George Orwell, Animal Farm (1945), ambayo Fortunatus Kawegere aliifasiri mnamo 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, huhakikiwa zaidi kama kisa cha mapinduzi ya Urusi yaliyosalitiwa. Ndivyo ilivyo. Makala haya yanauliza swali la kisarufi: uongo wa Squealer, nguruwe msemaji wa utawala, umekaa wapi katika sentensi?

Haukai katika kitenzi. Katika amri tatu hakuna neno lililofutwa. Kirai tu kimeongezwa mwishoni. Katazo la pombe limetiwa "kupita kiasi", la kuua "bila sababu", la kulala kitandani limetiwa shuka. Aikumbukaye amri ya awali huikuta nzima ukutani, akaishuku kumbukumbu yake badala ya kuushuku ukuta. Hata hivyo ukanushi umekwisha kuhama: lililokatazwa si tendo tena, bali kipimo chake. Kuhusu kitanda, Squealer hugeuka mwanakamusi (nasi wa fani hiyo tujitazame): kitanda ni pahala pa kulala tu, hata rundo la majani makavu ni kitanda, kosa ni shuka, kwa kuwa zimebuniwa na binadamu.

Chakula kinapopunguzwa, yeye hakubali kwamba kimepunguzwa, husema kimerekebishwa. Katika Kiswahili hila hiyo hupata nguvu zaidi, maana kurekebisha ni kuweka sawa kilichokuwa na kasoro: mwenye njaa huambiwa kwamba shibe yake ya jana ndiyo iliyokuwa kosa. Tena lugha yetu ina silaha ambayo Orwell hakuwa nayo, nayo ni kauli ya kutendeka. "Tumepunguza mgao" ina mtenda. "Mgao umepunguzwa" huacha nafasi ya kumwuliza. "Mgao umepunguka" haimwachii hata nafasi hiyo.

Nani basi angeusoma ukuta? Clover, farasi jike, alishuku lakini hakuweza kuunganisha herufi. Alimwomba punda Benjamin, aliyejua kusoma sawa na nguruwe yeyote; punda akakataa kujiingiza. Ikambidi amwendee mbuzi Muriel, aliyemsomea kwa uaminifu amri iliyokwisha kughushiwa. Benjamin alipaza sauti siku Boxer alipopakiwa garini, akawasomea wenzake maandishi ya ubavuni: gari lilikuwa la mchinja farasi. Papo hapo likaanza kuondoka.