Freud Hakuishia Vienna: Nadharia ya Nafsi na Watoto 28 wa Uganda
(Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza jinsi Sigmund Freud alivyoanza kama tabibu wa mishipa ya fahamu, akahamia kwenye ndoto, na hatimaye mwaka 1923 akaigawa nafsi katika mafungu matatu: silika zinazodai, dhamiri inayokataza, na nafsi tambuzi inayohangaika kuzipatanisha hizo mbili na dunia ya nje. Leo naendelea pale ambapo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huwa wamekwisha kufunga daftari.

Nasema hivyo kwa sababu nimesoma insha zao. Hapa Tanzania saikolojia changanuzi, yaani nadharia hii ya Freud, haikuingia vyuoni kwa mlango wa hospitali tu. Iliingia pia, na pengine kwa nguvu zaidi, kwa mlango wa idara za Kiswahili, kama nadharia ya kuhakiki riwaya. Mwanafunzi hupewa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971, akaambiwa amchambue Rosa. Huandika kwamba silika zilimzidi nguvu, dhamiri ikashindwa, akaangamia. Uchambuzi huo si wa uongo, ila ni finyu mno. Umempima Rosa kana kwamba aliishi peke yake ndani ya fuvu lake. Zakaria, baba mlevi aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, anageuka kuwa chanzo cha makatazo tu. Regina, mama ambaye naye anaishi kwa hofu ya mume huyohuyo, hatajwi kabisa. Swali ambalo nadharia ilijifunza kuliuliza baada ya Freud ni jingine: Rosa alikuwa na nani wa kumrudia alipoogopa? Tukiuliza hivyo, riwaya nzima inasomeka upya. Na ili tuulize hivyo inatubidi tujue nadharia hii ilikwenda wapi baada ya 1923.

Ilikwenda London. Melanie Klein, mzaliwa wa Vienna, alihamia huko mwaka 1926. Freud mwenyewe alifika Juni 1938 akiwakimbia Wanazi, na alifariki huko Septemba 1939. Binti yake Anna alibaki, na kati ya 1941 na 1945, mabomu yakianguka, wafuasi wa Anna na wa Klein walibishana katika mikutano mikali kiasi kwamba chama chao nusura kivunjike. Klein alisema kwamba hata mtoto wa miezi michache tayari anaishi na watu ndani ya fikra zake: titi linaloshibisha na titi linalonyima, upendo na chuki kwa mtu yuleyule. Huko Edinburgh, W. R. D. Fairbairn alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba Freud alikosea pa kuanzia, kwa kuwa shauku ya binadamu tangu kuzaliwa ni kumpata mtu mwingine, na raha inafuata baadaye. Donald Winnicott, daktari wa watoto, alifundisha kwamba huwezi kumweleza mtoto mchanga bila kumweleza anayemlea, kwa kuwa hao wawili ni kitu kimoja cha kuchunguzwa.

Hayo ndiyo mageuzi makubwa, na mwanafunzi akiyashika, mengine yatamfuata kwa urahisi. Nadharia ilitoka kwenye silika zilizo ndani ya mtu mmoja, ikaja kwenye uhusiano kati ya watu.

Aliyenigusa zaidi katika kundi hilo ni John Bowlby. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji wa jumba la mfalme, na kama ilivyokuwa desturi ya tabaka lao, mtoto alilelewa na yaya. Alipokuwa na umri wa miaka 4 hivi yaya huyo akaondoka. Bowlby alipokuwa mtu mzima, akifanya mafunzo chini ya usimamizi wa Klein, alichoshwa na kukatazwa kuzungumza na mama halisi wa watoto aliowatibu. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi kuhusu watoto 44 waliokuwa wezi, akaonyesha kwamba wengi wa wale waliokuwa wakavu kabisa wa hisia walitenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Shirika la Afya Duniani likamwagiza aandike ripoti juu ya watoto waliokosa malezi ya mama baada ya vita, na ilitoka mwaka 1951.

Mwaka uliofuata mwenzake James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 hospitalini bila mama yake. Wakati ule hospitali za Uingereza ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wodini, kwa hoja kwamba mtoto asipomwona mama hutulia. Filamu ilionyesha kwamba kule kutulia ni kukata tamaa. Hapa kwetu mama hulala na mwanawe wodini, kitandani au sakafuni kwenye mkeka, na hakuna mtu anayeona ni jambo la ajabu. Msomaji wa Magoma, wilayani Korogwe, anaweza kushangaa kwamba wataalamu wa nchi tajiri walihitaji filamu ili wakubali hilo. Mimi nalichukua kwa uzito mwingine: mazoea yetu yana maarifa ambayo hayajaandikwa, na kazi ya chuo ni kuyaandika na kuyapima.

Mmoja aliyejaribu kuyapima alikuja karibu kabisa na hapa. Mary Ainsworth alifanya kazi na Bowlby London tangu 1950. Mumewe alipopata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, walihamia Kampala. Mwaka 1954 na 1955, akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 zenye watoto 28 katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji. Alikwenda kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda wa miezi tisa, akikaa saa mbili kila mara, nyakati za alasiri ambapo akina mama walikuwa wamemaliza kazi za shamba na wako tayari kupokea wageni.

Alikuja akiwa bado na mashaka na mawazo ya Bowlby. Mafundisho ya zamani yalisema mtoto humpenda mama kwa sababu mama humpa chakula. Alichokiona sebuleni kilikuwa tofauti. Mtoto anayetambaa huenda kukichunguza kiti cha mgeni, akageuka kumtazama mama, akaenda tena mbali zaidi, kisha akarudi mbio mgeni alipomsogelea. Mama alikuwa mahali salama pa kuanzia safari na pa kurudia. Mama alipotoka, mtoto alimfuata au alilia. Aliporudi, alinyoosha mikono. Hayo hayakuelezeka kwa maziwa peke yake, kwa kuwa baadhi ya watoto walifungamana vilevile na baba au bibi ambaye hakuwa akiwanyonyesha.

Ainsworth aliwapanga watoto katika makundi matatu. Waliofungamana na mama kwa utulivu walikuwa 16. Wenye wasiwasi, wanaolia hata wakiwa wamepakatwa, walikuwa 7. Na 5 hawakuonyesha mfungamano bado. Alipotafuta sababu, saa za kubebwa hazikutosha kueleza tofauti hiyo. Kilichojitokeza ni jinsi mama alivyomjua mwanawe. Wale waliokuwa wepesi kusimulia vijambo vidogo vya mtoto, anachocheka, anachokiogopa, anavyolala, ndio waliokuwa na watoto watulivu. Nakiri kwamba sijui ugunduzi mwingine katika nadharia hii unaonivutia kiasi hicho: kipimo cha malezi kilipatikana katika mazungumzo ya mama na mgeni.

Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Baada ya Kampala alirudia kazi hiyo Baltimore, Marekani, akabuni jaribio mashuhuri la chumba chenye mgeni na mama anayetoka na kurudi. Vitabu vingi vya kiada huanza na Baltimore. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hujifunza kwamba nadharia hii ya Bowlby na Ainsworth, nadharia ya mfungamano, ni ya Kimarekani, ilhali msingi wake wa kwanza wa kushuhudiwa nyumbani kwa watu uliwekwa na akina mama wa Buganda. Hilo linanikera, na nadhani lingepaswa kumkera kila mhadhiri wa Afrika Mashariki.

Isieleweke kwamba nawataka vijana wamwamini Ainsworth kwa kuwa alifika kwetu. Wapo waliompinga kwa ushahidi wa hukuhuku. Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyefunzwa pia saikolojia changanuzi Chicago, aliwachunguza Wagusii wa magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1950, na kitabu chake kikuu na wenzake kilitoka mwaka 1994. Aliwakuta mama ambao hawakuwa wakipiga soga na watoto wachanga wala kuwatazama machoni kwa muda mrefu, lakini waliwabeba karibu wakati wote na kuitikia kilio upesi sana. Kwa vipimo vya Baltimore mama hao wangeonekana baridi. LeVine aliona mpango wa malezi wenye shabaha yake: kwanza mtoto aishi. Na bado kuna swali la dada wa miaka saba anayembeba mdogo wake mgongoni mchana kutwa, jambo la kila siku kuanzia Magoma hadi Bumbuli. Je, mtoto huyo ana mahali pamoja pa kurudia au patatu? Hiyo ni tasnifu inayomsubiri mtu.

Nije nyumbani. Wilaya yetu ya Korogwe ina Lutindi, huko juu milimani, kituo kilichoanzishwa na wamisionari Wajerumani katika miaka ya 1890 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 kikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza katika Afrika Mashariki. Fikiria mpangilio huo: kwanza watoto walionyang'anywa wazazi, kisha watu waliopotewa na akili, mahali palepale. Mwaka 1905, hospitali ya Lutindi ikiwa na umri wa mwaka mmoja, Freud alichapisha insha zake tatu juu ya hisia za kimapenzi tangu utotoni. Pande hizo mbili hazikujuana. Kwa muda mrefu kazi za shamba na za mikono, zinazofanywa pamoja na wengine, zimekuwa sehemu ya tiba ya Lutindi. Ukimsoma Fairbairn halafu ukapanda kwenda Lutindi, utaona kwa nini mtu anaweza kuponea katika kuishi na wenzake hata kabla hajaweza kuisimulia ndoto yake.

Na nje ya hospitali kuna utaratibu wa kale zaidi. Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyeutafiti ufalme wa Washambaa, aliandika pia juu ya tiba huku Usambara. Alionyesha kwamba uamuzi wa mgonjwa apelekwe wapi, kwa mganga au hospitalini, hufanywa na ndugu wanaokaa na kujadiliana, na kwamba katika majadiliano hayo ugomvi wa ukoo huweza kuibuka kama sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi aliyefundishwa Freud wa 1923 peke yake atauona utaratibu huo kuwa ni mila tu. Aliyefika kwa Winnicott na Bowlby ana maswali ya kuwauliza ndugu hao: nani alimlea mgonjwa, nani aliondoka, lini, na nani alibaki. Kwenye bonde letu la Lwengera, ambako mashamba ya mkonge yalijaa manamba waliotoka mikoa ya mbali wakiacha watoto nyuma, maswali hayo yana vizazi vya majibu.

Sehemu ya nne itamhusu J. C. Carothers wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliyeandika mwaka 1953 kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na jibu alilopewa na Frantz Fanon.